Hodi za Kimbelo

Siku mwaliko ulipofika Katoyi, mtaa wa Goma, mama Christa alikuwa amelala mchana, jambo ambalo zamani angelionea haya. Tangu mume wake afe, uchovu ulikuwa umemwingia kama unyevu unavyoingia katika mbao za nyumba: kwa macho huuoni, lakini ukiegemea ukuta unajua. Alisikia mlango wa bati ukigongwa. Alisikia sauti ya shemeji yake Murhula ikiita toka uani, kwenye mawe meusi. Akabaki amefumba macho, akitumaini atachoka na kurudi kwao.

Murhula hakurudi.

"Mama Patricia! Batu ya Kimbelo banatuita!"

Alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, karani mstaafu, mwenye kupenda tai na viatu vinavyong'aa hata katika vumbi la Goma. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyebeba habari inayomwunguza mikono. Mwalimu mmoja wa Kimbelo, jina lake Asumani, alikuwa amempigia simu. Shule yao ilikuwa inafungua nyumba ya kusomea, na nyumba hiyo itapewa jina la marehemu Baharanyi, kaka yake Murhula, mume wa Christa.

Kimbelo ni mji mdogo wa kale kando ya mto Lualaba, ukishuka na maji toka Kindu. Watu wake hujivunia kalamu. Zamani walimu wa Kiislamu walitunga humo tenzi kwa herufi za Kiarabu. Baadaye mapadri wakaleta mashine ya kuchapa vitabu vya shule. Na humo ndimo Baharanyi alimozaliwa, maana baba yake, muzee Munguakonkwa, alikuwa ametumwa toka Bukavu kuwa karani wa bandari. Baharanyi aliondoka Kimbelo akiwa mtoto wa miaka kumi, akakulia Bukavu, akaja kuwa mwalimu Goma. Miaka ya themanini aliandika michezo ya redio ambayo watu waliisikiliza mpaka ng'ambo ya milima. Sauti ya mwanamke katika michezo hiyo, mara mama, mara mchawi, mara bibi harusi, ilikuwa ya Christa.

"Enda weye, shemeki," Christa alisema. "Weye njo damu yake."

"Bananitaka miye, ndiyo. Lakini weye banakutaka zaidi. Batu bangali banakumbuka sauti yako."

"Sauti ilibaki mu redio."

Binti yake Patricia, anayeuza vitenge mtaa wa Birere, aliingia jioni hiyo akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuta baba yake mdogo na mama bado wanavutana. Alimwunga mkono Murhula. "Mama, enda tu. Huku kila siku ni mabomu upande wa Sake, ni maji hakuna, ni batu banakimbia. Enda upumuzike kidogo."

"Kupumuzika mu ndege na mu mutumbwi, na haya magoti?" Christa alicheka bila furaha. Lakini usiposema hapana kwa nguvu, watu wa nyumbani husikia ndiyo. Wiki mbili baadaye alikuwa angani, ameshika rozari, na Murhula kando yake amevaa suti yake ya harusi za watu.

Kutoka Kindu walishuka mto kwa boti ya mashine iliyobeba magunia ya mchele na mbuzi. Christa alikuwa mtu wa ziwa. Ziwa Kivu, hata likichafuka, liko pale pale, ukiamka unalikuta. Mto ule mpana wa rangi ya udongo ulikuwa unaondoka muda wote, na kuutazama kulimchosha zaidi. Alijifunika kitenge kichwani, akasinzia mpaka mtu alipompigia kelele sikioni kwamba wamefika.

Bandarini palikuwa na kibao kipya: KARIBUNI KIMBELO, MJI WA KALAMU. Wanafunzi waliimba. Chef de cité, mkuu wa mji, mtu mnene mwenye sauti laini, alimshika Murhula mikono miwili na kumwita "mtoto wetu". Murhula aliangalia kandokando, machozi yakimlenga. Aliondoka mji huu akiwa hajajua kutembea. Hakuukumbuka hata kidogo, na hapo ndipo alipoupenda mara moja.

Mwalimu Asumani ndiye aliyewatembeza. Alikuwa mwembamba, ndevu zinaanza mvi, koti limemzidi mabega. Aliwaonyesha msikiti wa kale na ubao ambao watoto walikuwa wakiandikia kwa wino wa masizi. Aliwaonyesha mashine ya mapadri, imeota kutu, kuku ametaga chini yake. Alisema kwa mapenzi na bila haraka, na Christa angemsikiliza vizuri kama asingekuwa anatafuta kila wakati mahali pa kukaa.

Mwishoni wakafika kwenye nyumba yenyewe, nyumba ya matofali mekundu iliyopakwa chokaa, inayotazama kilima. Ndani mlikuwa na rafu chache za vitabu, meza, kiti, na kalamu ya wino juu ya kitambaa cheupe.

"Hapa," alisema Asumani, "ndipo alipozaliwa muzee wetu Baharanyi. Na kwenye meza hii ndipo alipoandika *Alfajiri ya Bandarini*."

Christa alitazama meza. Nyumba ambayo mume wake alimsimulia maisha yote ilikuwa ya mabati, mlango wake ulitazama mto, na kizingiti chake kilikuwa jiwe. Na mchezo ule aliuandika Birere, juu ya katoni ya maziwa ya unga, Patricia akiwa kichanga analia, yeye Christa akisoma kila ukurasa kwa sauti huku anapepeta mchele. Karatasi hizo zilikwisha kuungua mwaka wa elfu mbili na mbili, volkano iliposhuka mjini na kupita juu ya nyumba yao. Baharanyi hakuandika tena baada ya hapo. Walihamia Katoyi, akafundisha, akazeeka, akafa.

Alitaka kuyasema hayo, akayaona ni mengi mno na mazito. Badala yake alivuta kile kiti akakaa.

Watu waliokuwa mlangoni walishtuka.

"Mama," Asumani alisema polepole, "kile kiti hatukikaliaka."

"Ni kiti, mwalimu. Na magoti yangu yanauma."

Mtu mmoja akacheka nyuma, na Asumani mwenyewe akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Wakamwacha akae.

Alasiri watoto wa shule waliuchezea mji mzima mchezo huo kwenye uwanja wa shule. Wageni walikaa mbele chini ya turubai. Christa hakuwa ameusikia tangu redio iache kuurusha, na alipoyatambua maneno ya kwanza yakitoka mdomoni mwa msichana aitwaye Aziza, maneno ambayo alikuwa ameyasema yeye mwenyewe akiwa kijana, ngozi ya mikono ilimsisimka. Asumani alikuwa ameuokota mchezo kipande kwa kipande kutoka vichwa vya watu waliousikia zamani. Hakukosea mengi.

Mchezo wenyewe ulikuwa habari ya nyumbani kwao Baharanyi. Mwaka wa sitini na nne waasi walipoingia Kimbelo, walitafuta watu wa serikali, na karani mgeni toka Bukavu alikuwa rahisi kupatikana. Walimshika kabla ya jua kutoka. Walisema: kama kuna mtu mmoja wa mji huu atakayesimama na kusema huyu ni mwenzetu, tutamwacha. Basi mke wake akatoka mbio, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika nguo yake, akaenda kubisha hodi katika mtaa wa bandari.

Aziza, bila mtoto mgongoni, alibisha kwenye mikeka iliyoninginizwa mitini kama milango. Mlango wa kwanza, kimya. Mlango wa pili, kimya. Kwenye mlango wa tatu mkeka ukafunuliwa, akatoka mzee mwenye ndevu za pamba na taa mkononi. "Huyu ni mwenzetu," mzee akasema. "Mkimchukua yeye, mtuchukue sisi sote." Milango yote ikafunguka, watu wakajaa, waasi wakakimbia, karani akakumbatiwa, ngoma zikapigwa.

Uwanja mzima ulisimama kwa makofi. Chef de cité alipiga makofi kichwa kikitikisika. Murhula alilia waziwazi.

Christa alibaki amekaa, mikono juu ya mapaja.

Mchezo haukuandikwa hivyo, na mambo hayakuwa hivyo. Hakuna mlango uliofunguka. Muzee Munguakonkwa alivushwa mto asubuhi ile na hakuonekana tena. Mama yao alikaa na watoto kwenye ngazi za bandari mpaka padre mmoja alipompakia kwenye boti.

Baada ya chakula, jua likiwa bado juu ya maji, Christa aliwaacha wakubwa wakinywa bia akaenda taratibu mpaka ngazi hizo. Zilikuwapo, zimeliwa na maji kwenye kingo. Haukupita muda mrefu Asumani akaja, akasimama kando kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mama, haukupiga makofi."

"Ule mwisho uliutoa wapi?"

"Niliutunga mwenyewe." Hakujitetea. "Nilitafuta mwisho kwa bazee bote. Hakuna aliyejua. Redio ilikuwa moja tu katika mtaa wetu, ya baba yangu. Batu balijaa ku baraza. Nilikuwa mutoto, nimekaa chini ya kiti chake. Mama wa mchezo alipofika ku mulango wa tatu, baba akanyoosha mkono, akazima. Akasema mawe ya redio yamekwisha. Batu bakaenda kwao. Hakuna aliyesema kitu."

Alitazama mtumbwi unaokata maji.

"Kesho yake asubuhi redio ikaimba vizuri tu, na betri zile zile. Sikuuliza."

"Baba yako alikuwa anaishi wapi mwaka wa sitini na nne?"

Asumani alionyesha kwa kidevu. Juu ya ngazi, upande wa kushoto, palikuwa na nyumba yenye mlango wa buluu uliochujuka.

Christa akamwambia mwisho. Hakuupamba. Alimwambia hodi tatu, kimya mara tatu, halafu mama anakaa kwenye ngazi hizi, kumepambazuka kabisa, majogoo wanawika, na anamwambia mtoto wa mgongoni: Lala, mwanangu. Mji mzima umelala. Basi. Hapo mchezo unakwisha.

Asumani alikaa chini, koti lake zuri kwenye matope.

"Kesho tunaucheza tena, kwa batu ya vijiji. Mama, ufundishe Aziza."

"Mwalimu, miye nilikuja kukaa mbele na kupigiwa makofi. Nimechoka. Haujui namna gani nimechoka."

"Ninaona, mama."

"Sasa kama unaona, juu ya nini unaniomba?"

"Juu ukirudi Goma, utarudi na ule mwisho."

Usiku Christa alipolala kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, maneno hayo yalikaa naye kama mtu mwingine chumbani.

Asubuhi alimwambia Murhula kwenye chai. Shemeji yake aliweka kikombe chini kwa nguvu.

"Mama Patricia, kwa jina ya Mungu! Leo batu hawa banatuheshimu. Banatuita batoto yabo. Unataka kuwambia nini? Ati bababu yabo balikuwa baoga?"

"Sitawaambia kitu. Kaka yako alikwisha kusema. Miye ninarudisha tu maneno yake."

"Kaka amekufa. Baba amekufa. Itamusaidia nani?"

Christa alimaliza chai yake, akachukua kitenge chake, akaenda shule.

Aziza alikuwa mwepesi wa kushika. Maneno aliyajua, kilichobaki kilikuwa hodi.

"Unabisha zote sawasawa," Christa alimwambia. "Sikiliza. Hodi ya kwanza ni ya mtu anayekwenda kuomba chumvi. Bado anaamini majirani. Ya pili ni ya mtu aliyefiwa. Ya tatu usiipaze sauti. Aliye ndani anakusikia, na wewe unajua anakusikia."

Msichana alijaribu. Christa alitikisa kichwa, akainuka kutoka kwenye benchi, akaenda mwenyewe mbele ya mkeka, na magoti yake yote yakilalamika akabisha. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke mzee. Watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma ya darasa waliacha. Alipogeuka alimkuta Asumani ameshika ukuta.

Kisha akavua kitenge chake, akakikunja kama mtoto, akamfunga Aziza mgongoni. "Huyu jana hamkumweka. Lazima awepo. Yeye ndiye anaambiwa alale."

Alasiri uwanja ulijaa kupita jana. Watu wa vijiji walikuwa wamekuja kwa mitumbwi, na watu wa mji walirudi kwa ajili ya ngoma za mwisho. Chef de cité alikaa mahali pake na feni ya majani. Murhula alikuja akiwa amechelewa, akakaa kiti cha mwisho wa safu, hakumtazama Christa. Mbele kabisa, kwa ajili ya masikio yake mabovu, walikuwa wamemketisha bibi Mwavita, mwanamke mkongwe sana wa mtaa wa bandari, mjukuu wake akimshikilia bega asianguke.

Aziza alitoka na mtoto mgongoni. Hodi ya kwanza. Kimya. Watu walitulia, walijua. Hodi ya pili. Kimya. Akaenda mlango wa tatu, na tayari baadhi ya watoto walikuwa wananong'ona, taa, taa. Akasema hodi kwa sauti ndogo iliyofika mpaka nyuma.

Mkeka haukufunuka.

Watu walingoja. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasema, amesahau, huyo muzee amesahau kutoka. Mpiga ngoma alimtazama Asumani, na Asumani akamfanyia ishara kwa kiganja: acha. Kimya kikaendelea mpaka kikawa kizito, na ndani yake, toka safu ya mbele, sauti kavu ya bibi Mwavita ikasema:

"Karibu."

Watu wakacheka. Aziza hakujua afanye nini, hilo hakufundishwa. Aligeuka akamtazama bibi. Bibi alikuwa ameinua mkono, anaupunga kidogo kuelekea ndani, kama mtu aliye kwenye mkeka wake nyumbani. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Kicheko kikapungua, halafu kikakatika. Msichana, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye akili, akafanya alichofundishwa. Alishuka akakaa chini pale palipowekwa ngazi, akapapasa kitenge mgongoni, akasema: "Lala, mwanangu. Mji mzima umelala."

Hakuna aliyepiga makofi. Baadhi ya watu walibaki wanangoja ngoma. Wazee wawili waliinuka wakaondoka wameshikana mikono. Chef de cité alisimama, akavuta koti lake, akamwambia Asumani kitu kifupi bila kupaza sauti, na akatoka uwanjani, watu wake nyuma yake. Viti vyao vilibaki wazi chini ya turubai. Watu wa vijiji, ambao hawakuwa na la kuogopa katika habari hiyo, ndio walioanza kuzungumza, kwanza kwa chini, halafu kila mtu na jirani yake.

Christa alikwenda kumsalimu bibi Mwavita.

"Usimujali, mama," mjukuu alisema kwa aibu. "Anaitikiaka kila hodi. Hata mbuzi ikigonga mulango, anasema karibu."

Bibi alimshika Christa mkono kwa vidole vikavu, akamvuta karibu. Christa aliinama, akangoja.

"Umekula?" bibi akamwuliza.

"Nimekula, mama."

"Haya. Aksanti kufika."

Na ndiyo hayo tu. Christa alimtazama machoni akitafuta kama kuna kitu zaidi, na kama kilikuwapo hakukiona.

Murhula alimkuta nyuma ya darasa, amekaa kwenye tofali, tai mfukoni. Christa alijitayarisha kwa maneno makali, lakini hayakuja.

"Kumbe miye njo nilikuwa ku mugongo," Murhula alisema.

"Ulikuwa unajua, shemeki. Mama yenu alikusimulia."

"Nilikuwa najua. Lakini sikukuwa naona." Alijifuta uso kwa mkono wa suti. "Alizunguka na miye vile. Hodi, hodi. Na miye nilikuwa nalala tu."

Christa alikaa kando yake. Tofali lilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu watoke Goma hakuona haraka ya kwenda mahali pengine.

Hakuna aliyewasindikiza kwa nyimbo walipoondoka. Asumani alikuja peke yake bandarini, amebeba samaki waliokaushwa ndani ya majani. Alisema ameitwa ofisini, na hajui ataambiwa nini. Christa alimwomba radhi kwa taabu hiyo.

"Hapana, mama," alijibu. "Jana jioni nilikwenda kukaa ku baraza ya baba. Nilimukasirikia. Halafu nilimuhurumia, maana aliona aibu. Mutu asiye na aibu angeacha redio iseme." Akafikiri. "Leo nimemukasirikia tena."

Boti ilipanda mto polepole, ikipigana na maji. Kindu walingoja ndege siku nzima na nyingine nusu, wakila wale samaki. Walipofika Goma mvua ilikuwa imenyesha, na Patricia alikuwa anawangojea nje ya uwanja wa ndege na mwavuli uliovunjika ubavu.

"Mama, ulipumuzika?"

"Nipeleke nyumbani," Christa alisema. Akalala saa nyingi, akaamka, akala ugali na sombe ya majani ya muhogo, akalala tena.

Habari za Kimbelo zilikuja kwa simu, kidogo kidogo. Nyumba ya kusomea ilifunguliwa hatimaye, lakini kwa jina la mji, si la Baharanyi. Kiti na kalamu viliondolewa. Asumani alikatazwa kuuchezesha mchezo kwenye sherehe za serikali; hawakumfukuza shule. Mwezi uliofuata aliuchezesha ndani ya darasa, milango imefungwa, kisha mara ya pili milango wazi, maana watu waligonga. Bibi Mwavita hakuletwa tena. Asumani aliomba kitu kimoja tu: mchezo mzima, neno kwa neno, kwa kuwa alichokuwa nacho ni vipande.

Mchezo mzima ulikuwa umebaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na miaka sitini na sita na shinikizo la damu. Patricia ndiye aliyelisema hilo kwa sauti, tena mbele ya wageni. Christa alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akamwambia alete simu yake yenye kurekodi.

Walifanya kazi hiyo Jumapili, baada ya misa. Haikuwa rahisi. Upande wa Sake ngurumo ziliendelea; kila mara Patricia alilazimika kusimamisha simu, kungoja, na kuanza tena. Majirani walikuja kuuliza kama maji yametoka. Kuna maneno Christa aliyapoteza kabisa, akakaa ameshika paji la uso, akayaacha, akayakuta Jumatano akiwa anaosha sahani. Alichoka upesi. Baada ya kila kipande alijilaza, akasema hatarudia, na Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa tayari, kitenge mabegani, anauliza simu iko wapi.

Murhula alikuja bila kuitwa, viatu vikiwa na vumbi mara hii. Alisema anataka kusema maneno ya karani. Sauti ya baba yake hakuwahi kuisikia, hivyo alitumia ile aliyodhani inafaa, kubwa, ya mtu wa serikali.

"Si vile, shemeki," Christa alimkatiza, macho yamefumbwa. "Kaka yako alisemaka, baba yenu hakupigaka makelele. Alikuwa anasema chini-chini. Anza tena."

Murhula akakohoa, akainamia simu, akaanza tena.